Je, Wajua? Betri ya volti 9 isiyofika 9

Jiwe kavu la tochi au redio likiwa jipya hutoa volti 1.5, lakini la kuchaji, lile la nikeli, hutoa 1.2 tu.

Kwa redio tofauti hiyo si neno. Shida iko kwa amplifaya ndogo ya hedifoni inayotumia betri ya mstatili ya volti 9. Ile ya kuchaji ya nikeli mara nyingi huwa na seli sita ndani, yaani volti 7.2, au saba, yaani 8.4, na zote mbili huuzwa kama "9"! Igeuze, usome maandishi madogo ubavuni. Ukikuta 8.4, lipa. Yenye 7.2 itaanza kukwaruza besi mapema ukiongeza sauti.