Gunia la Bei Chee Linakugharimu Kiasi Gani?

Baada ya mavuno, mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe huletewa mahindi ya aina mbili: makavu kwa bei kamili, na mabichimabichi kwa bei ya chini. Tupige hesabu.

Tuseme makavu, yenye unyevu wa asilimia 13, ni shilingi 700 kwa kilo. Katika kilo 100, maji ni kilo 13 na chakula ni kilo 87. Yakiwa na unyevu wa asilimia 18, chakula ni kilo 82 tu, hivyo bei yake ya haki ni kama shilingi 660. Aliyekupunguzia shilingi 40 hajakupa nafuu yoyote, kakuuzia maji.

Hapo sumukuvu bado. Kuvu wa Aspergillus flavus hupenda nafaka yenye unyevu, na sumu yake, aflatoksini, haiishi kwa kuchemsha wala kusaga. Bata na bata mzinga hudhurika haraka kuliko kuku. Ng'ombe hupitisha sehemu ya sumu hiyo kwenye maziwa. Mwaka 2016 sumu hii iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi yaliyooza yakikataliwa jikoni, mara nyingi huishia kwenye pumba za mifugo. Zipo njia za kujikinga.

Kupima. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15: usinunue. Isipoganda, unyevu bado unaweza kuzidi asilimia 13, hivyo anika kabla ya kuhifadhi. Gharama ni chumvi tu.

Turubai la kuanikia. Hulinunui kila msimu, na mahindi hayagusi udongo unaobeba kuvu.

Mifuko isiyopitisha hewa. Tuseme mmoja ni shilingi 5,000 na unabeba kilo 100: shilingi 50 kwa kilo, au 25 ukiutumia misimu miwili. Huhitaji dawa ya wadudu. Lakini mfuko haukaushi: ukitia mahindi mabichi, unayafungia yaoze.

Dawa ya kufunga sumu. Ile ya udongo wa bentonaiti hunasa aflatoksini tumboni, ila sumu za kuvu wa Fusarium huiponyoka. Utainunua kila unapochanganya, na haigeuzi chakula kilichooza kuwa kizuri.

Chakula cha kiwandani. Ni ghali zaidi kwa kilo, lakini hubebi gharama ya ghala. Angalia tarehe ya kutengenezwa, mshono, na kama mifuko imepangwa juu ya chaga au sakafuni.

Mwenye kuku wachache, nunua cha kiwandani kidogokidogo. Anayehifadhi magunia, aanze na turubai na mifuko. Dawa ya kufunga sumu iwe nyongeza. Mwenye ng'ombe wa maziwa asijaribu mahindi ya ukungu hata akipewa bure, kwa sababu anayekunywa ni mtoto.