Malale, Kichaa na Demensia: Kuhusu Istilahi za Maradhi ya Ubongo

Miongoni mwa dhana za utabibu zinazowasumbua wafasiri ni ile ya ugonjwa unaomwondolea mtu, hasa mzee, kumbukumbu, ufahamu na uwezo wa kujiendeshea maisha yake, ingawa hapo kwanza akili zake zilikuwa timamu. Katika maandishi mbalimbali dhana hii huitwa uzee, kichaa, usahaulifu au upungufu wa akili. Maneno haya manne hayana maana moja, wala hakuna hata moja linalotosha. Ili kasoro zake zionekane, yafaa tutazame kwanza jinsi wataalamu walivyoufikia ubongo wenyewe. Mfano ulio karibu nasi ni malale ya kandokando ya Ziwa Victoria.

Neno malale latokana na kitenzi lala. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, yaani kusinzia. Majina yote mawili yametaja dalili ya nje. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1900 na 1920 watu wapatao 250,000 walikufa kwa malale katika Uganda. Huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea viitwavyo tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa; na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kuwa vimelea hivyo huenezwa na mbung'o. Mwaka 1906 Robert Koch alifika Mwanza, kisha akaenda Visiwa vya Sese kujaribu dawa.

Lakini kwa nini mgonjwa wa malale asinzie, aropoke na kubadilika tabia? Jibu lilitafutwa London na Frederick Mott (1853–1926), mwanapatholojia wa neva, yaani mtaalamu achunguzaye kwa darubini ubongo na neva za waliokufa kwa maradhi. Tangu mwaka 1895 Mott aliongoza maabara ya hospitali za wagonjwa wa akili za London, iliyokuwa Claybury. Alipochunguza ubongo wa waliokufa kwa malale aliona seli nyingi zimeizingira mishipa midogo ya damu. Miongoni mwake zilikuwamo seli zenye umbo kama la tunda la forosadi, ambazo hadi leo huitwa seli za Mott. Usingizi ule, basi, ulikuwa alama ya ubongo ulioshambuliwa.

Mott alilinganisha mabadiliko hayo na yale aliyoyazoea katika demensia ya kupooza, ugonjwa uliojaza hospitali za Ulaya wakati huo na ambao wengi waliuhesabu kuwa kichaa tu. Yeye alishikilia kuwa pasipo kaswende ugonjwa huo haupatikani. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore waliviona vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 1906, Alois Alzheimer alikuwa ameeleza huko Ujerumani mabadiliko katika ubongo wa mwanamke aliyeanza kupoteza kumbukumbu angali na umri wa miaka hamsini hivi. Kwa hiyo uzee peke yake hauwezi kuwa jina la maradhi haya.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani neno likikosewa. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni yakahesabiwa kuwa ushahidi. Mahali ambapo dalili za mwili husomwa hivyo, bibi anayezurura usiku au asiyemtambua mwanawe yumo hatarini. Cheti kikisema "kichaa", jamaa huona aibu na kumficha. Kikisema "uzee", hakuna atakayemtafutia dawa, hali demensia itokanayo na kaswende yaweza kutibiwa ikiwahiwa.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

(a) Katika vitabu na taarifa za kitaalamu litumike neno demensia, na linapotajwa mara ya kwanza lifafanuliwe kuwa ni ugonjwa wa ubongo unaodhoofisha kumbukumbu na akili.

(b) Katika mazungumzo na jamaa za mgonjwa, na katika vipeperushi, itumike ibara ugonjwa wa ubongo wa kusahau. Usahaulifu peke yake hautoshi, maana kila mtu husahau.

(c) Upungufu wa akili usitumike hapa. Neno hilo hutusi, tena hudokeza kasoro ya kuzaliwa nayo.

(d) Kichaa na uzee visiandikwe katika cheti au fomu kama jina la ugonjwa huu.

(e) Malale libaki kama lilivyo. Limetokana na dalili, lakini watumiaji wake wamekwisha kulizoea kama jina la ugonjwa wenye chanzo kinachojulikana, na halimtwishi mgonjwa lawama.

Kigezo hiki cha mwisho ndicho tunachowaomba wafasiri, walimu na maofisa wakitumie kwa kila jina la ugonjwa: je, neno hili lamwelekeza msikilizaji kwa mganga wa hospitali, au lamwelekeza kumtafuta mwenye hatia?