Kompyuta ya Mezani Inakula Luku Usiku Kucha? Kagua Setingi Hizi, Hasa Kama Uko Moro

Masika moja nilikuwa kwenye steshenari ya Kihonda naandika ripoti. Njaa ikauma, nikaacha mashine nikaenda kula. Niliporudi umeme ulikuwa umekatika na kurudi, kama dakika mbili tu hivi. Kurasa zote nilizoandika tangu asubuhi hazipo.

Kijana wa dukani naye alishangaa. "Kaka, si ilikuwa imelala tu?"

Ndiyo, ilikuwa imelala. Na hapo ndipo tatizo lilipo.

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa hapa kwetu ni used kutoka nje, zile Dell, HP na Lenovo za maofisini. Setingi zake ziliwekwa kwa ajili ya sehemu ambayo umeme ukikatika inakuwa habari ya kuzungumzwa wiki nzima. Moro siyo hivyo. Mkoa una Kidatu yenye megawati 204 na Kihansi yenye 180, na kule Rufiji mpakani na Pwani kuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Lakini umeme kuwepo bwawani haizuii mti kuangukia waya huko Bigwa, wala radi kupiga transfoma. Mvua ikishuka kutoka Uluguru, taa zinacheza.

Kwa hiyo ukitaka kuokoa uniti, usiguse tu kila kitu kilichoandikwa "kuokoa umeme". Kuna kinachookoa kweli na kuna kitakachokutia hasara.

Tuanze na usingizi. Kompyuta ya Windows ina aina mbili za kulala. Ya kwanza ni Sleep, tuite kusinzia. Kazi yako inabaki kwenye RAM, na RAM inahitaji umeme muda wote, japo kidogo. Umeme ukikatika sekunde moja, kila ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Ya pili ni Hibernate, hii ni kulala fofofo. Mashine inaandika kila kitu kwenye diski kisha inajizima kabisa. Hata ukichomoa waya ukaenda Mgeta wiki nzima, ukirudi ukaiwasha unakuta ukurasa uleule.

Kuna ya katikati pia, inaitwa Hybrid sleep. Mashine inasinzia, lakini kwanza inaandika nakala kwenye diski. Umeme usipokatika inaamka haraka, ukikatika inasoma kutoka kwenye diski. Kwa duka au ofisi ya mjini hii ndo ninayoipendekeza. Fungua Control Panel, nenda Power Options, kisha Change plan settings, halafu Change advanced power settings. Tafuta Sleep, ndani yake kuna Allow hybrid sleep. Weka On.

Kama haipo, mara nyingi ni kwa sababu Hibernate imezimwa. Fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /h on, bonyeza Enter. Itachukua nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski, kwa hiyo mwenye diski iliyojaa muvi aanze kupunguza.

Sasa tupige hesabu ya pesa. Chukua mashine ya kizamani kidogo pamoja na skrini yake, inatumia kama wati 80 ikiwa imekaa tu haifanyi kazi. Ukiiacha kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi, hizo ni saa 12, sawa na uniti 0.96. Kwa siku 30 ni uniti 28.8. Kwa bei ya kawaida ya uniti, shilingi 292, ukiongeza VAT, REA na EWURA inafika kama 356. Yaani umetoa zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwezi kwa mashine moja ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Steshenari yenye mashine tano ni zaidi ya elfu hamsini.

Ikiwa imesinzia, mashine hiyohiyo inatumia labda wati 3. Kwa saa hizohizo ni uniti 1 na kidogo kwa mwezi, haifiki hata shilingi 400.

Wa nyumbani pia wasijione wako salama. Kama umewekwa kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, hizo uniti 28.8 zimekula zaidi ya theluthi ya mgao wako. Ukivuka 75 bei ya uniti inaruka, na huo mruko unauma kuliko kompyuta yenyewe.

Weka skrini ijizime baada ya dakika 5 na mashine ilale baada ya dakika 30. Na zile picha zinazochezacheza kwenye skrini ukiondoka haziokoi chochote. Taa ya skrini inaendelea kuwaka vilevile.

Sasa njoo kwenye matundu ya USB, maana hapa watu wengi wanalaumu wasiohusika. Unajaza fomu ya mkopo ya HESLB kwa modemu, muda unayoyoma, ghafla mtandao umekata. Unaitukana kampuni ya simu. Au printa "haionekani", unaita fundi, anachomoa waya, anachomeka, inaonekana, anachukua hela yake anaondoka. Kesho yake tatizo ni lilelile.

Mara nyingi ni Windows yenyewe inayokata umeme kwenye tundu la USB ikidhani kifaa hakitumiki. Kwa laptopu inayotumia betri hiyo ina maana. Kwa kompyuta ya mezani unachookoa hapo ni kidogo mno, hakilingani hata na karatasi moja iliyoharibika. Mi naizima bila kufikiria mara mbili.

Kwenye ileile Advanced power settings kuna USB settings, ndani yake USB selective suspend setting. Weka Disabled. Kisha fungua Device Manager, shuka hadi Universal Serial Bus controllers, bonyeza mara mbili kila palipoandikwa USB Root Hub, nenda Power Management, toa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Fanya kwa zote, maana hujui printa imechomekwa kwenye ipi.

Kuna tatizo la upande wa pili, mashine inayoamka yenyewe usiku. Unafunga duka imelala, asubuhi unaikuta inawaka. Siyo mzimu. Mausi ina ruhusa ya kuamsha kompyuta, na lori likipita barabarani meza ikatikisika, mausi ikasogea, basi. Kadi ya mtandao nayo inaweza kuiamsha. Andika powercfg /lastwake kwenye Command Prompt, itakuambia nani aliyeiamsha mara ya mwisho. Ukishamjua, nenda Device Manager kwenye kifaa hicho, Power Management, toa tiki kwenye Allow this device to wake the computer. Kibodi iachie ruhusa ili uwe na pa kuiamshia.

Setingi muhimu kuliko zote kwa mji kasoro bahari haiko ndani ya Windows. Iko kwenye BIOS, ule ukurasa unaoingia kabla Windows haijawaka. Washa mashine huku ukibonyezabonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo za mezani. Tafuta palipoandikwa AC Recovery, After Power Loss au Restore on AC Power Loss, inategemea mashine. Inauliza hivi: umeme ukikatika halafu ukarudi, nifanye nini? Majibu huwa matatu: jiwashe, baki umezima, au rudi ulivyokuwa.

Chagua kubaki umezima.

Sababu utaijua siku ya mvua. Umeme unarudi, unakaa sekunde kumi, unakata, unarudi tena. Mashine iliyowekwa kujiwasha itaanza kuwaka na kukatwa mara tatu, nne, diski ikiwa katikati ya kusoma. Diski za kuzunguka zinakufa hivyo, na Windows inaharibika hivyo. Unakijua kile kifaa cha kulinda friji kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme? Wazo ni hilohilo, ila hapa anayesubiri ni wewe. Elewa tu kwamba hii haizuii radi. Ukisikia ngurumo inakaribia, chomoa waya ukutani, pamoja na waya wa mtandao.

Ukiwa humohumo kwenye BIOS, angalia kama kuna Deep Sleep Control kwa Dell, S5 Maximum Power Savings kwa HP, au ErP kwa nyingine. Ukiiwasha, mashine iliyozimwa inashuka hadi chini ya wati 1 hivi. Gharama yake ni kwamba matundu ya USB hayatakuwa na umeme mashine ikiwa imezimwa, kwa hiyo wale wanaochajia simu hapo usiku watalalamika.

Kwa wanaotumia sola huko milimani, Kinole au Matombo, hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya kawaida ya risasi haitakiwi kuishusha chini ya nusu. Zinabaki 600. Mashine ya wati 80 inazimaliza ndani ya saa saba na nusu, na inverta nayo inakula zake, sema sita. Hapo hakuna kusinzia, weka Hibernate moja kwa moja. Kusinzia usiku kucha maana yake ni inverta kuwaka usiku kucha kwa ajili ya wati 3.

Mwisho, kama una tabia ya kuzima ukutani kila usiku, ni sawa, lakini kale kabetri kadogo ka mviringo ndani ya mashine, kalikoandikwa CR2032, katachoka mapema. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi nyuma miaka mingi, na tovuti kugoma kufunguka zikisema si salama. Kakichoka kabisa, au fundi akikatoa kuweka kengine, setingi zote za BIOS zinarudi za kiwandani. Andika ulichobadilisha kwenye karatasi, ibandike ubavuni mwa mashine.