Kufuga Nyungunyungu kwa Chakula cha Chura

Wako wanaocheka wakisikia kwamba nafuga nyungunyungu nyumbani. Lakini kila anayeweka chura kwa ajili ya somo la biolojia hana budi kujua jambo hili: chura wetu wa nchi kavu hali kitu kisichojongea. Nyama iliyolala mbele yake haitambui kuwa ni chakula, naye aweza kufa njaa kando yake. Akiwa huru hujitafutia. Akiwa kifungoni, uhai wake u mikononi mwetu.

Kwa nini nisichimbe tu shambani? Kwa sababu shamba huenda limepigwa dawa ya wadudu. Nyungunyungu hula udongo na kupumua kwa ngozi, na sumu aipatayo yaweza kumfikia chura anayemmeza. Mbegu yangu niliitoa katika bustani ya nyumbani isiyopigwa dawa.

Natumia sanduku la mbao lenye kina cha futi 1, na matundu madogo chini ya kutolea maji. Ndani natia majani makavu, kisha udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyokwisha kuoza, kwa maana samadi mbichi hupata joto na kuwaua. Juu nafunika gunia lililoloweshwa, na sanduku hukaa kivulini. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Ukikauka, nyungunyungu hufa. Ukijaa maji, hukosa hewa.

Chakula chao ni maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, nayafukia kidogo kidogo. Sitii chumvi, ndimu, nyama wala mafuta. Kila nyungunyungu ni dume na jike pamoja, lakini kwa kawaida huhitaji mwenzake ili azae. Yafaa kungoja miezi 3 kabla ya kuvuna, wala usiwachukue wakubwa wote.

Siku ya kuvuna namwaga udongo kidogo juu ya bati penye mwanga. Wao huukimbia mwanga na kujikusanya chini. Nawaosha kwa maji safi, kisha nachagua wembamba wasiomshinda chura kumeza. Chura mkubwa hutoshwa na mlo mara 2 au 3 kwa juma. Wale wekundu wa kwenye samadi, watoao majimaji ya njano yenye harufu, chura wengi huwatema.

Basi wenzangu, atakaye kumlisha chura vizuri na aanze kwa kumlisha nyungunyungu. Nao wazazi wasihofu: sanduku lililotunzwa halinuki, na udongo wake ni mbolea njema ya mchicha.