Chujio la samaki wa baharini: bei ya dukani si gharama yote

MFANYABIASHARA anayenunua tangi dogo la samaki wa baharini, liwe la kupamba mapokezi ya hoteli au la kuhifadhi samaki wa kuuza, kwa kawaida huuliza kwanza bei ya kioo. Hata hivyo, kitu kitakachoamua iwapo mtaji wake utarudi ni chujio. Kioo kikipasuka hasara huonekana papo hapo. Chujio lisilofaa hula faida polepole, samaki mmoja baada ya mwingine, na mwenye mali hudhani ni bahati mbaya.

Biashara ya samaki wa mapambo si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa miongo kadhaa wapiga mbizi wa pwani ya Kenya wamekuwa wakikamata samaki wa miamba ambao husafirishwa kwa ndege hadi masoko ya Ulaya, Marekani na Asia. Kati ya mvuvi na ndege kuna tangi, na ndani ya tangi hilo mali inaweza kupotea yote.

KAZI TATU ZA CHUJIO

Kabla ya kulinganisha bei, mnunuzi anapaswa kujua anachonunua. Chujio lina kazi tatu. Ya kwanza ni kunasa uchafu unaoonekana, kama mabaki ya chakula na kinyesi. Ya pili ni kuondoa sumu iliyoyeyuka katika maji kwa njia ya bakteria. Ya tatu ni kuondoa rangi na harufu, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na mkaa maalumu unaobadilishwa kila baada ya wiki chache.

Kazi ya pili ndiyo roho ya biashara. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake huwa kati ya 8.0 na 8.4, kiasi kile kile cha amonia ni hatari zaidi kuliko katika maji baridi yenye pH ya 7. Ndiyo maana aliyezoea samaki wa maji baridi hushangaa kuona vifo kwa kosa ambalo zamani lilisamehewa.

Bakteria hao hawauzwi pamoja na pampu. Tangi jipya huhitaji kwa kawaida wiki 4 hadi 6 kabla ya kubeba samaki. Mwenye mtaji mdogo aiweke miezi hiyo ya kwanza katika hesabu zake kama muda usio na mapato.

AINA ZILIZOPO SOKONI

Chujio la sifongo linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo la bei nafuu kuliko yote. Halina mambo mengi ya kuharibika, na sifongo huoshwa kwa maji yaliyotolewa katika tangi, si ya bomba, kwa sababu klorini huua bakteria.

Chujio la ndoo iliyofungwa, linalokaa chini ya tangi, hunasa uchafu vizuri na halionekani na wageni. Udhaifu wake ni kwamba likiachwa bila kusafishwa uchafu huozea ndani na nitrati hupanda.

Skima ni chombo kinachopuliza mapovu madogo katika maji ya chumvi. Uchafu wa protini hushika kwenye mapovu, hupanda na kumwagikia katika kikombe cha juu. Faida yake ni kwamba huutoa uchafu nje kabla haujaoza. Katika maji baridi hakifanyi kazi ipasavyo, hivyo anayehamia samaki wa baharini hana budi kukihesabu kama gharama mpya.

Mawe ya miamba yenye vinyweleo ni chujio pia. Bakteria huishi juu yake, na ndani kabisa, pasipo na oksijeni, wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayotoka majini. Mchanganyiko wa mawe na skima nzuri ulienezwa na wafugaji wa Berlin nchini Ujerumani, na unajulikana kwa jina la mji huo. Lakini mawe hayo hayaokotwi tu ufukweni. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, na katika hifadhi kama Kisite-Mpunguti uvunaji hauruhusiwi. Mawe makavu yaliyonunuliwa kihalali hufaa, ingawa huchelewa kuanza kazi.

HESABU YA TANGI MOJA

Chukulia tangi la sentimeta 60 kwa 45 kwa 40. Ujazo wake ni lita 108. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 85.

Pampu na skima zenye jumla ya wati 25, zikifanya kazi saa 24, hutumia uniti 18 za umeme kwa mwezi. Kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki ni lita 8.5, na kwa gramu 35 za chumvi kwa lita, hiyo ni karibu kilo 15.5 za chumvi ya tangi kwa mwaka. Anayechota bahari yenyewe huokoa fedha hizo, ila achote mbali na bandari na midomo ya mito. Maji yanayopungua kwa jua hujazwa kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke.

Aidha, joto ni gharama. Pampu iliyozama hupasha maji, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Mombasa au Dar es Salaam, pampu ya wati chache ni bora. Nairobi, huenda hita ikahitajika.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo wengi hupoteza mali. Chujio lililofungwa likisimama kwa saa kadhaa, bakteria humaliza oksijeni na kuanza kufa. Umeme ukirudi, maji machafu husukumwa yote katika tangi. Ni lazima lifunguliwe na kuoshwa kwanza. Penye tangi la chini, liachiwe nafasi ya kupokea maji yanayorudi pampu inaposimama, la sivyo sakafu italowa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni bima ya bei nafuu kuliko zote.

NANI ANUNUE NINI

Kwa tangi la maonyesho lenye samaki wachache, mawe, skima na pampu ya kuzungusha maji hutosha.

Kwa anayehifadhi samaki wa kuuza, hali ni tofauti. Yeye hutumia dawa, na dawa ya shaba huua kamba, kaa na matumbawe, tena hunaswa na mawe. Mkaa nao huondoa dawa nyingi. Kwake sifongo kubwa kadhaa, bila mawe wala mkaa, ndizo zinazofaa.

Pia akumbuke kwamba bakteria huongezeka na kupungua kwa kadiri ya taka. Tangi lililokaa tupu wiki kadhaa haliwezi kupokea samaki 30 kwa siku moja, hata kama chujio lake ni ghali. Mwenye kungoja mzigo alishe chujio lake amonia kidogo kidogo, au aache samaki wachache ndani, na apime maji kabla ya kulipa wavuvi. Vifaa vya kupimia amonia na nitriti vinunuliwe siku moja na chujio. Asiyekuwa navyo hujua hali ya maji yake kwa kuhesabu waliokufa.