Kofia ya Haramia Haina Fuvu

Mwalimu wa maigizo anapoagiza kofia za maharamia, oda huwa ni ileile: kofia nyeusi ya pembe tatu, fuvu jeupe na mifupa miwili kwa mbele, unyoya ubavuni. Hiyo ni kofia ya katuni. Haramia wa kweli hakuwa na sare. Alivaa kile alichovaa baharia yeyote wa meli ya biashara, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa baharia wa meli ya biashara kabla ya kuasi. Kwa hiyo fundi anayetaka kofia yenye sura ya kihistoria ana kazi mbili tu: ashone vizuri kofia ya mtu wa kawaida wa zama hizo, kisha aichakaze.

Zama zenyewe ni fupi. Maharamia wanaotajwa sana walitamba kuanzia miaka ya 1690 hadi miaka ya 1720. Edward Teach, maarufu kwa jina la Blackbeard, aliuawa Ocracoke, pwani ya North Carolina, Novemba 1718. Bartholomew Roberts aliuawa Februari 1722 karibu na Cape Lopez, katika Gabon ya leo. Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na wake: William Kidd alitia nanga visiwani Komoro mwaka 1697, na Agosti 1720 maharamia wa Edward England walipigana na Cassandra, meli ya biashara ya Waingereza, huko Nzwani.

Walivaa nini kichwani?

Mabaharia wengi wa kawaida walivaa kofia za sufu zilizofumwa, zenye kubana kichwa na kuziba masikio. Ushahidi mmoja mzuri umetoka mbali sana na Karibi. Mwaka 1980 wanaakiolojia walifukua makaburi ya wawinda nyangumi wa Kiholanzi wa karne ya 17 na 18 huko Spitsbergen, kwenye barafu ya kaskazini, wakakuta mifupa ingali imevaa kofia zake za kufuma, nyingine zikiwa na mistari ya rangi.

Kofia ya pembe tatu ilianza kama pama ya kawaida ya felti yenye ukingo mpana. Ukingo mpana hulegea ukinyeshewa na hupeperuka kwenye upepo, hivyo watu wakaukunja juu na kuufunga kwenye kichwa cha kofia. Kufikia mwanzo wa karne ya 18, kuukunja pande tatu kulikuwa mtindo wa wanaume wa kila tabaka. Mikunjo ilifanya kazi pia: maji ya mvua yalijikusanya ndani yake na kutokea pembeni, badala ya kumwagika usoni.

Fuvu lilikuwa kwenye bendera, si kwenye kofia. Unyoya una shahidi: kitabu cha Charles Johnson cha mwaka 1724 kinasimulia kwamba Roberts alivaa unyoya mwekundu siku ya kifo chake. Lakini huyo alikuwa nahodha aliyependa kujipamba. Vitambaa vya kichwani na mishipi mipana tunayoiona vitabuni vinatokana zaidi na mchoraji Mmarekani Howard Pyle, aliyefariki mwaka 1911. Filamu nazo zikaongeza yao: kofia ya Jack Sparrow ni ya ngozi, ilhali kofia za pembe tatu za zama zile zilikuwa za felti.

Felti kwanza

Felti haifumwi. Kila unywele wa sufu una magamba madogo, na ukisuguliwa kwenye maji moto na sabuni, magamba hayo hunasana hadi sufu yote ikawa kitu kimoja. Kofia za bei ya juu zilitengenezwa kwa manyoya ya biva, mnyama wa mitoni wa Amerika Kaskazini. Biashara ya manyoya hayo ndiyo iliyozaa kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1670. Watu wa kipato cha chini walivaa felti ya sufu ya kondoo, na hiyo ndiyo inayotufaa sisi.

Njia rahisi ni kutafuta pama ya zamani kwenye mitumba. Chagua yenye ukingo usiopungua sentimita 11. Usiiamini lebo peke yake. Chomoa nyuzi kidogo upande wa ndani, uzichome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka vidoleni. Plastiki huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Ukipata punje, irudishe kofia hiyo, kwa sababu haitatii mvuke.

Anayetaka kuanzia kwenye sufu yenyewe ajue kwamba si kila kondoo anafaa. Kondoo wa Kimasai ni wa nywele, na nywele zake hazishikamani. Inahitajika sufu ya Merino au Corriedale, wanaofugwa nyanda za juu za Kenya. Felti hunywea sana inapotengenezwa, kwa hiyo kiolezo cha kuanzia kizidi kipimo cha mwisho kwa karibu nusu. Panga sufu kwa tabaka nyembamba zinazopishana, nyunyiza maji moto yenye sabuni, sugua taratibu mpaka ishikane, kisha viringisha ndani ya mkeka wa mianzi ukiugeuza kila upande.

Kuumba kichwa

Pima kichwa cha mvaaji kwa utepe unaopita juu ya nyusi na masikio. Wanaume wengi huangukia kati ya sentimita 56 na 60. Kichwa cha kofia ya zama hizo kilikuwa cha duara na kifupi, kama sentimita 10 kwenda juu, bila ule mbonyeo wa katikati ulioko kwenye pama za leo. Kalibu ya mbao ndiyo bora, lakini bakuli imara la mviringo wenye kipimo cha kichwa cha mvaaji, lililofunikwa kwa mfuko wa plastiki na kupinduliwa, linatosha.

Shikilia felti juu ya mvuke wa birika mpaka ilegee, ivute haraka juu ya kalibu, funga kamba kuzunguka shina la kichwa, kisha ushushe kamba hiyo hadi chini. Ukingo uupige pasi kupitia kitambaa chenye unyevu. Acha ikauke kabisa kabla ya kufungua kamba. Felti iliyofunguliwa na unyevu hurudi ilikotoka.

Ikishakauka, chora ukingo kwa chaki ya fundi, upana wa sentimita 11 hadi 13 kuanzia shina la kichwa, ukate kwa mkasi mkali kwa mkupuo mrefu bila kusitasita. Ili ukingo usilegee, paka upande wa ndani sheleki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, mara mbili, nyepesi. Fanya hivyo mahali penye hewa na mbali na moto.

Kukunja pembe

Weka alama tatu kwenye ukingo: moja mbele katikati, mbili nyuma kushoto na kulia. Hizo ndizo pembe. Sehemu zilizo katikati ya alama ndizo zinazoinuliwa. Lainisha kwa mvuke, inua kila upande mpaka uegemee kichwa cha kofia, ushikilie kwa vibanio. Ivae, ujitazame kwenye kioo, urekebishe, ndipo ushone.

Tumia uzi mnene wa kitani uliopakwa nta. Pitisha sindano kutoka ndani ya kichwa, itoke kwenye ukingo, irudi umbali wa sentimita 2, kisha funga fundo ndani. Mshono mmoja au miwili kila upande inatosha. Usikaze. Ukingo uegemee tu, usibanwe, na mvaaji aweze kuushusha jua likizidi. Upande wa kushoto unaweza kuweka kitanzi cha kamba na kifungo cha bati. Ukingo wa kofia ya baharia unaweza kuachwa mtupu au kushonewa utepe mweusi wa sufu. Utepe wa dhahabu ni wa nahodha aliyepora vizuri. Malizia ndani kwa ukanda wa kitani au ngozi laini, upana wa sentimita 4, wa kunyonya jasho.

Kuichakaza

Hapa rangi ina kisa chake. Weusi wa kofia nyingi ulitokana na mti wa kampeche uliochanganywa na chumvi ya chuma. Mti huo ulikatwa kwenye vinamasi vya Ghuba ya Campeche, Meksiko, na vya Belize. Mwaka 1716 Wahispania waliwafukuza wakataji wa Kiingereza kutoka Campeche, na wengi wao wakaingia kwenye uharamia. Baadhi ya maharamia, basi, walikuwa wamekata kwa mikono yao mti uliotia weusi kofia zao.

Rangi hiyo hupauka na kuelekea kahawia. Ianike kofia yako juani kwa siku kadhaa, ukiinyunyizia maji ya chumvi mara kwa mara ili yaache michirizi myeupe. Piga msasa pale mkono unaposhika, yaani pembe ya mbele na ukingo wa juu. Kwingine kote acha, kwa sababu kofia huchakaa inapoguswa.

Ushauri wangu kwa walimu na vikundi vya maigizo ni huu: msiwavishe wote pembe tatu. Kwa kundi la watu kumi, tengenezeni mbili au tatu kwa felti halisi, na waliobaki wavae kofia za kufuma. Gharama itapungua, na jukwaani watatokea mabaharia walioasi, badala ya watoto wa sherehe ya kuzaliwa.