Dawa za Kung'arisha Meno na Vizibo vya Madini

Vitongoji vya Dar es Salaam, kama vile Mbagala wilayani Temeke na Tegeta wilayani Kinondoni, hukaliwa na watu wa mikoa mingi. Miongoni mwao wamo waliokulia Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya chemchemi na visima yana floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanapoumbika, meno hupata rangi ya kahawia isiyotoka kwa mswaki. Ndiyo maana wengine hutafuta dawa za kung'arisha meno. Je, dawa hizo hulifanya nini jino lililozibwa kwa madini?

Kizibo cha rangi ya fedha huitwa amalgamu. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki; sehemu iliyobaki ni hasa fedha, bati na shaba. Zebaki, ambayo ni kimiminika, huchanganywa na unga wa metali hizo, ukapatikana ujiuji unaoganda na kuwa mgumu.

Dawa nyingi za kung'arisha hutegemea haidrojeni peroksaidi, ambayo wanafunzi wa sekondari huitumia maabarani kutengeneza oksijeni. Ndani ya jino, kemikali hii huvunja molekuli zenye rangi. Metali haina molekuli za namna hiyo, kwa hiyo kizibo hakiwi cheupe. Kinyume chake, jino likishang'aa, kizibo huonekana cheusi zaidi.

Aidha, peroksaidi huoksidisha uso wa amalgamu. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa zebaki inayotoka huongezeka, ingawa kiasi chake kwa kawaida ni kidogo. Hatari iliyo karibu zaidi ni ufa kando ya kizibo: dawa hupenya humo, ikafika karibu na neva na kusababisha maumivu makali.

Hata hivyo, si busara kukimbilia kung'oa vizibo vizima, kwani kuvichonga hutoa mvuke wa zebaki. Mwaka 2022, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuwa amalgamu isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Uamuzi huo haukuagiza vizibo vilivyokwisha kuwekwa viondolewe.

Basi, anayetaka kung'arisha meno apimwe kwanza na daktari wa meno. Kizibo chenye ufa kishughulikiwe kabla ya dawa kutumiwa. Anayetaka kizibo cha rangi ya jino angoje takriban wiki mbili baada ya kung'arisha, kwa kuwa oksijeni inayobaki jinoni hudhoofisha mshikamano wake.